Neno la Mdomo Halipandi Meli
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati kwenye mkutano wa wanachama)

Ndugu Wanachama,

Leo tunalo jambo moja tu: mapatano ya biashara na watu wa nje ni lazima yaandikwe, tena yasomwe kifungu kwa kifungu kabla ya kutia sahihi.

Tuchukue zao letu la kahawa. Mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazonunua ziliandika Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Chini ya mkataba huo kila nchi inayouza iliwekewa mgao wake, yaani kiasi cha magunia inachoweza kupeleka kwa wanunuzi waliotia sahihi. Brazil ilikuwamo, Marekani ilikuwamo, na nchi ndogo nazo zilikuwamo. Kwa maneno matupu, mwenye shamba kubwa angemwaga kahawa yake yote sokoni, mdogo akazama. Lakini mgao uliandikwa, na kahawa ikasafiri na cheti cha kuonyesha imetoka nchi gani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka 1989. Mkataba ulikuwa karibu kwisha muda, na nchi hazikuelewana nani aongezewe mgao na nani apunguziwe. Mwezi Julai mgao ukaondolewa. Mkataba wenyewe haukufa. Uliongezewa muda, na ofisi yake ikabaki London. Ila kile kifungu cha mgao hakikuwa na nguvu tena. Kabla mwaka haujaisha, bei ya kahawa duniani ilikuwa imeshuka karibu nusu. Mibuni ilikuwa ile ile, jasho lile lile. Kilichopungua ni mistari michache kwenye karatasi!

Basi ndugu zetu, tusiridhike kuambiwa tu kwamba "mkataba upo". Tuulize: ndani yake mna nini, na unakwisha lini?

Wapo wenzetu wanaosema, "Yule mnunuzi wa nje ni mtu mwema, ameshatuahidi, makaratasi ya nini?" Hatumtilii shaka. Lakini mtu mwema naye huhama, huuza kampuni yake, hufa. Atakayeshika nafasi yake hatauliza tulisemaje. Atauliza tuliandika nini. Na karatasi hiyo inatufunga na sisi pia, tusije tukamuuzia mwingine kahawa tuliyokwisha kumwahidi yeye.

Kwa hiyo, kabla ya msimu kuanza, tunataka haya yaandikwe:

1. Magunia mangapi, ya kilo ngapi, na ya daraja gani.
2. Bei ni ngapi. Au kama inafuata soko la dunia, ni soko lipi na bei ya siku ipi.
3. Tutalipwa kwa fedha gani, na lini.
4. Mzigo ukilowa bandarini, hasara ni ya nani.
5. Tukigombana, nani ataamua.
6. Mapatano yanakwisha lini.

Kila mstari usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Asiyejua kusoma asione haya kuuliza, maana sahihi moja itatufunga sote.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nakala ya mapatano itabandikwa hapa hapa ubaoni siku 7 kabla ya mkutano. Njooni muisome, na mwenye neno aje nalo.



Kamati