Muuguzi Kwanza, Jengo Baadaye

Sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma, ya mwaka 2012, inazitaka kaunti zote 47 ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Humo ndimo vipaumbele huwekwa, miezi 10 kabla ya mwaka wa fedha kuanza.

Makueni ilionyesha kinachowezekana. Mwaka 2016, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wa afya uliogharimu kila kaya shilingi 500 kwa mwaka, familia ikitibiwa katika hospitali za kaunti. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti vilianzia vijijini, vikapanda hadi wadi.

Lakini kinachofanya jengo litangulie muuguzi ni hesabu za bajeti. Sheria hiyohiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, nia njema kabisa. Lakini zahanati mpya huhesabiwa kuwa maendeleo, na mshahara wa muuguzi atakayewahudumia wagonjwa humo huingizwa kwenye matumizi ya kawaida. Mwakilishi wadi hukata utepe kwenye jengo. Muuguzi anapoajiriwa, hakuna utepe wa kukata. Mama mjamzito anayekuta mlango umefungwa hana haja na tofauti hiyo ya kihasibu, na ana haki ya kukasirika.

Anayetaka kubadilisha mambo asingoje makadirio ya bajeti ya mwezi wa Aprili. Viwango vya matumizi ya kila idara hupangwa katika waraka wa sera ya fedha, unaofika katika bunge la kaunti kufikia Februari 28.