Fedha za Nyumbani Zijulikane na Wawili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Katibu aliponiandikia alitaka nizungumzie mipango ya fedha katika jamaa, na akaongeza kwamba nisizidi nusu saa kwa kuwa pilau haingoji. Nitajitahidi. Nimefurahi pia kuona wake zetu wamekuja, maana ningesema haya mbele ya wanaume peke yao yangeishia hapa hapa ukumbini.

Sisi wa rika langu tulifundishwa hesabu katika madarasa haya haya, na wengi wetu tunaweza kukokotoa riba bila kuandika. Hata hivyo wangapi kati yetu tumepata kuwaonyesha wake zetu hati ya mshahara? Nimeuliza swali hili ofisini mara nyingi, na jibu huwa kicheko. Kwa maoni yangu nyumba za watumishi haziyumbi sana kwa uchache wa mshahara. Huyumba kwa sababu fedha ni siri ya mtu mmoja, na mtu huyo aweza kuugua, kusafiri, au kufa.

Tuanze na mshahara wenyewe, hasa kwa faida ya vijana. Chukueni mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii hukata asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15, yaani 150,000. Chama cha wafanyakazi, tuseme asilimia 2, ni 20,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 115,500. Zinabaki 634,500. Kijana anayesikia kwamba kaka yake analipwa milioni, na kumpigia simu kila wiki, afadhali azikumbuke hesabu hizi.

Sasa, utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Theluthi ya huyu wetu ni 333,000 na ushei. Maana yake anaweza kuweka rehani laki tatu nyingine kila mwezi, na mabenki yanazijua laki hizo kuliko anavyozijua yeye. Watu huichukulia theluthi hiyo kama ruhusa ya kukopa mpaka hapo, ilhali iliwekwa kuwa kizuizi cha mwisho. Mkopo wa miaka saba ukishasainiwa pasipo mwenzi kujua, huyo mwenzi atakaa miaka saba akishangaa kwa nini nyumba haina sukari tarehe 15. Wengine wakishabanwa huenda kwa wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao imepewa jina la "kausha damu", na kukabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Hapo hata theluthi haipo tena.

Juu ya bajeti ya kila siku sitasema mengi, kwani kina mama wanaijua kuliko mimi. Nyumbani kwetu tuna daftari moja la mistari linalokaa juu ya kabati, na kila mmoja huandika alichotoa. Halina ufundi wowote. Lakini ugomvi wa fedha umepungua, kwa sababu anayebisha huambiwa akalisome.

Nije kwenye kustaafu. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na walioajiriwa na sekta binafsi wakabaki NSSF. Mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni 60. Ili kupata pensheni ya kila mwezi yatakiwa michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kijana anayeacha kazi mwaka wa kumi na nne aulize kwanza.

Kikokotoo najua mnakingoja. Mkupuo uliokuwa asilimia 50 kwa baadhi ya mifuko ulishushwa kwa kanuni za mwaka 2018 hadi 25, ukazuiwa Desemba mwaka huo huo, ukawekwa 33 kuanzia Julai 2022, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa lile kundi lililokuwa likipata 50. Ninachojifunza mimi ni kwamba mtu asijenge nyumba yake ya uzeeni juu ya asilimia ambayo imebadilika mara kadhaa ndani ya miaka sita. Nyumba ianzwe ungali kazini, tofali kwa tofali. Na biashara ambayo hukupata kuifanya siku hata moja ukiwa na nguvu, usiianze kwa mkupuo. Mabasi madogo yamemaliza wastaafu wengi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta. Yuko mwenzetu mmoja kazini, jina lake nalihifadhi, aliyefariki akiwa na miaka 52. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyekunywa, na aliyeheshimika. Mjane wake aliijua nyumba wanayoishi. Hakujua kuhusu kiwanja nje ya mji, ambacho mkataba wake wa mauziano ulikaa kwenye droo ya ofisi. Hakujua kwamba marehemu alimdhamini rafiki kwenye SACCOS. Zaidi ya hayo, kazini marehemu alijulikana kwa majina matatu, na cheti cha ndoa kilikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo tu. Basi miezi ikapita katika viapo vya kuthibitisha kwamba huyo ndiye yule. Kikao cha ukoo kilimpendekeza mdogo wake kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamteua. Kiwanja hakikuwemo katika orodha ya mali aliyowasilisha, kwa kuwa hakuna aliyekijua. Mkataba ulipoonekana, muuzaji alikuwa amekiuza tena na mtu amekwisha jenga.

Hakuna aliyeiba katika familia ile. Mdogo mtu alikuwa mwaminifu kabisa.

Yafaa tujue kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa awasilishe orodha ya mali, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne, kisha hesabu za ugawaji kwa Fomu Na. 6. Mjane anayo haki ya kuzifuatilia fomu hizo.

Tena, anayekufa bila wosia huachia sheria imwamulie. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, linaloeleza urithi wa kimila kwa makabila mengi yetu, lilimwacha mjane bila fungu lake mwenyewe pale marehemu alipoacha jamaa wa ukoo. Yeye ni wa kutunzwa na watoto wake. Tangazo hilo hilo lakini linaruhusu wosia. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma, huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Ndugu zetu Waislamu wana mafungu yao yaliyokwisha wekwa, na wasia hauzidi theluthi. Wosia waweza kuhifadhiwa RITA kwa ada, na nimeona hilo ni bora kuliko chini ya godoro.

Kuhusu nyumba ipo njia nyepesi zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 mume na mke waweza kuandikishwa wamiliki wa pamoja katika hati, na mmoja akifariki haki yake humwendea aliyebaki. Wapo wanaume wanaoniambia kwamba kumwandika mke ni kujitafutia kifo. Mpaka sasa sijaona takwimu zake.

Ndugu Mwenyekiti, naona mwangalizi wa saa ananitazama. Baada ya chakula nitakuwa katika darasa la Kidato cha Tano, lile la karibu na maktaba, nikiwa na karatasi yenye sehemu za kujaza: namba ya uanachama wa mfuko, akaunti za benki, hisa za SACCOS, madeni, watu uliowadhamini, na mahali zilipo hati. Nakala ninazo 60. Atakayekuja namwomba aje na mwenzi wake. Na mwanafunzi anayetaka nakala ya kumpelekea baba, achukue.