Vitu Vinapogongana

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Leo tutazungumza habari za vitu vinavyogongana. Penye hesabu nitasema polepole, na mwalimu wenu ataiandika ubaoni.

Tuanze na mchezo wa watoto. Katika viwanja vingi hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mtawakuta wavulana wakicheza gololi. Mtoto huirusha gololi yake kwa kidole, nayo huenda ikaigonga sawasawa gololi nyingine iliyotulia. Je, hutokea nini? Ile iliyokuja husimama, au husogea kidogo tu, na ile iliyotulia huondoka kwa mwendo karibu sawa na wa ile ya kwanza. Ni kama mtu aliyemkabidhi mwenzake mzigo, akabaki mikono mitupu.

Mzigo huo ni nini? Chukua uzito wa kitu, uzidishe kwa mwendo wake. Jibu utakalopata huitwa momenta katika vitabu vya shule. Sisi leo tutaliita msukumo. Kitu kizito kiendacho polepole chaweza kuwa na msukumo sawa na kitu chepesi kiendacho mbio. Tena msukumo una upande. Kinachokwenda mashariki kina msukumo wa mashariki, na kinachokwenda magharibi kina msukumo wa magharibi.

Sasa tutoke uwanjani, twende stesheni. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Morogoro mwaka 1907. Aliyewahi kukaa karibu na stesheni amesikia mlio wa mabehewa yakiunganishwa. Behewa moja linakuja taratibu, linaligonga jingine lililosimama, vifungo vinashikana, kisha yote mawili yanakwenda pamoja.

Tufanye hesabu. Behewa la kwanza lina uzito wa tani 20, nalo linakwenda mita 2 kwa kila sekunde. Zidisha 20 kwa 2, unapata 40. Huo ndio msukumo wake. La pili nalo lina tani 20, lakini limesimama, kwa hiyo msukumo wake ni sifuri. Baada ya kushikana tuna kitu kimoja cha tani 40, na mwendo wake ni mita 1 kwa sekunde. Zidisha 40 kwa 1, unapata 40 tena. Msukumo haukupotea hata kidogo.

Lakini ndugu zangu, kuna daftari la pili. Kitu kinachokwenda kina pia nishati ya mwendo, yaani uwezo wa kufanya kazi: kukunja, kuvunja, kutoboa au kupasha moto. Hesabu yake ni hii: chukua nusu ya uzito, zidisha kwa mwendo, kisha zidisha kwa mwendo mara ya pili. Behewa letu kabla ya kugonga: nusu ya 20 ni 10, 10 mara 2 ni 20, 20 mara 2 ni 40. Baada ya kushikana: nusu ya 40 ni 20, 20 mara 1 ni 20, mara 1 tena, 20 ile ile. Tulianza na 40, tumebaki na 20. Nusu ya nishati haimo tena katika mwendo!

Imekwenda wapi? Mmeisikia kwa masikio yenu: ule mlio ni sehemu yake. Sehemu nyingine imebana springi, na nyingine imekuwa joto katika chuma. Nishati haikufa, ila imehama kutoka katika mwendo.

Basi migongano ni ya namna mbili. Kuna mgongano wa kudunda, kama ule wa gololi, ambao nishati ya mwendo hubaki karibu yote katika mwendo. Na kuna mgongano usiodunda, kama ule wa mabehewa, ambao sehemu ya nishati huhamia katika vitu vyenyewe vilivyogongana. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1668 wataalamu wa London waliwaomba wenzao waeleze kanuni za migongano. John Wallis alieleza habari za vitu visivyodunda, na Christopher Wren pamoja na Christiaan Huygens wakaeleza habari za vile vinavyodunda.

Labda mmoja wenu anauliza, kwa nini tunazidisha mwendo mara mbili? Jibu aweza kulipata kwa mikono yake. Ombeni udongo laini kwa mama mfinyanzi, muusawazishe juu ya kibao. Dondosheni gololi kutoka urefu wa shubiri 1, kisha nyingine kutoka urefu wa shubiri 4. Ile ya pili hufika chini kwa mwendo mara 2 ya ile ya kwanza. Lakini pimeni mashimo: la pili lina ujazo karibu mara 4. Katika miaka ya 1720 mtaalamu wa Uholanzi, Willem 's Gravesande, aliangusha tufe za shaba juu ya udongo akaona jambo hilo hilo. Mwendo ukiongezeka mara 2, nishati huongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 3, nishati huongezeka mara 9.

Mabehewa yakigongana polepole, hiyo ni kazi ya kila siku. Yakigongana kwa kasi, ni msiba. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara, yenye watu zaidi ya 1,000, ilikuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilishindwa kuzuiwa ikarudi nyuma mteremkoni, mwendo ukazidi kukua, hata ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walifariki. Mteremko ndio ulioipa treni ile nishati, na pasipo breki za kuimaliza kidogo kidogo, ilimalizwa kwa mara moja na chuma na miili ya watu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shabaha ya somo letu. Barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa sehemu kubwa, haina ukuta wa kutenga magari yaendayo na yarudiyo. Dereva mmoja akiwa na haraka ya kulipita gari lililo mbele, hukutana uso kwa uso na mwenzake. Tuseme ni malori mawili, kila moja tani 10, kila moja likienda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Msukumo wa kila lori ni 200. Lakini mmoja ni wa mashariki, mwingine wa magharibi. Ukiijumlisha, inafutana: jibu ni sifuri. Ndiyo maana malori hayo yakigongana na kukwama pamoja, husimama pale pale.

Mtu asiyejua aweza kusema, "Basi nguvu zimekutana zikamalizana." Sivyo, ndugu yangu! Fungua daftari la pili. Nishati ya kila lori ni nusu ya 10, mara 20, mara 20, yaani 2,000. Nishati haina upande. Ya mashariki na ya magharibi hazifutani, bali hujumlishwa. Jumla yake ni 4,000, mara 200 ya ile iliyohama pale stesheni. Yote hiyo lazima ipate mahali pa kwenda, na mahali penyewe ni vyuma, vioo na mifupa ya watu. Lakini kama kila dereva angekuwa na mwendo wa nusu tu, mita 10 kwa sekunde, jumla ingekuwa 1,000, robo ya ile ya kwanza. Aliyepunguza mwendo kwa nusu ameondoa robo tatu za nishati hiyo.

Nikiwa mtoto, mimi na mwenzangu tuliunda vigari vya miti, tukashuka navyo mbio katika njia itokayo Morningside. Havikuwa na breki. Mimi niliingia katika lundo la mchanga, nikatoka nikitema vumbi. Mwenzangu aligonga mwembe, akavunjika mkono. Uzito wetu ulikuwa karibu sawa, na mwendo karibu sawa. Tofauti ni kwamba mchanga uliichukua nishati yangu katika safari ya hatua mbili, na mwembe uliichukua ya mwenzangu katika safari fupi kama upana wa kidole. Safari ya kusimama ikiwa fupi, pigo huwa kubwa.

Wapakuaji wa kabichi za Mgeta sokoni wanaijua elimu hii bila daftari. Anayerushiwa kabichi kutoka juu ya lori harudishi mikono mbele kuipiga; huirudisha nyuma pamoja nayo, ikatulia polepole. Mkanda wa kiti katika gari hufanya vivyo hivyo: humzuia abiria asirushwe kwenye kioo, nao hunyooka kidogo ili kifua chake kisimame taratibu. Na kofia ngumu ya mwendesha pikipiki ina godoro ndani. Godoro hilo likibonyea, limekubali kuharibika badala ya kichwa chako.

Basi, ndugu wasikilizaji, jioni ya leo mwenye mkanda aufunge, anayepanda pikipiki adai kofia, na abiria anayeona dereva anakimbiza gari asione haya kumwambia, "Ndugu dereva, punguza mwendo." Kusema hivyo si uoga. Ni kujua hesabu.

Haya ni maswali ya kujibu darasani.

1. Msukumo hupatikana kwa kuzidisha nini na nini?
2. Behewa la tani 30 linakwenda mita 2 kwa sekunde. Linaligonga behewa la tani 30 lililosimama, yakashikana. Yatakwenda kwa mwendo gani? Nishati kiasi gani imehama kutoka katika mwendo?
3. Kwa nini malori mawili yenye misukumo iliyofutana bado huvunjika?
4. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani yako faida ya kofia ngumu.

Juma lijalo tutaendelea na habari za breki na joto. Kwaherini, na safari njema kwa wote watakaosafiri.