Maua Yasiyopanda Ndege

Msikilizaji, waridi la Naivasha hupimwa urefu kabla ya kusafirishwa Ulaya. Shina likipinda, au petali ikionyesha doa la ukungu, ua hilo halifiki Uholanzi. Linaishia kwenye taka, pamoja na majani na vijiti vilivyopogolewa. Machi 2020, korona ilipofunga anga, mashamba yalimwaga hata maua yasiyo na ila.

Taka hizo ni mali. Waridi limelishwa naitrojeni na potashi za kununua, na sehemu ya chakula hicho bado imo kwenye majani. Kuitupa kisha kurudi dukani ni hasara ya kujitakia, hasa kwa aliyeonja bei za mbolea za 2022.

Ila kuzigeuza taka hizo kuwa mboji hakutaki pupa. Vijiti vya waridi ni vigumu kama kuni. Visiposagwa kwa mashine, mwaka utakwisha vikikutazama. Tena vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vichanganywe na samadi au majani mabichi. Lundo linyunyiziwe maji, ligeuzwe, na joto la katikati lifike nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa. Lisipofika, vimelea vya magonjwa vitarudi shambani vikiwa na afya njema. Na jamani, nyuzi za plastiki na mipira ya kufungia maua vitolewe kwanza. Minyoo hawali mpira.

Wapo mameneja wanaosema mboji haiwahusu, kwa kuwa mawaridi yao yanaota kwenye mawe mepesi ya pumisi na mbolea hupita katika maji ya matone. Kwa mawaridi hayo, wana hoja. Anayepanda ardhini hana kisingizio hicho. Udongo uliochoka haushiki mbolea. Maji huibeba, na Ziwa Naivasha, lililo chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu 1995, halihitaji fosfati yetu.

Lipo moja linalonitia wasiwasi zaidi: dawa. Joto la lundo huvunja baadhi ya viuatilifu, si vyote. Basi wenye mashamba, pimeni mboji kabla ya kuigawa. Nawe jirani wa shamba la maua, mabua mabichi usimpe ng'ombe wako hata ukipewa bure, na mboji yao usiitie kwenye sukuma wiki kabla hujaonyeshwa majibu ya maabara.