Utafiti wa Vyuo Vikuu na Maji ya Mlima Meru
Matini ya mazungumzo mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi





Nimetakiwa nizungumze juu ya tafiti zinazofanywa na vyuo vikuu katika fani za teknolojia, biashara na afya, na juu ya faida ambayo Serikali na wananchi wanaweza kuipata kwazo. Mada ni pana, na mtu angeweza kuimaliza saa nzima kwa kutaja majina ya vyuo na idadi ya tasnifu zilizomo maktabani. Sikukusudia kufanya hivyo. Nimechagua suala moja, nalo ni maji ya kunywa ya wakaazi wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Katika suala hilo fani zote tatu zimekutana, na kazi yake imechukua zaidi ya miaka 60 bila ya kumalizika.

Anayefika Arumeru kwa mara ya kwanza hudhani kwamba watu wa huko hawana shida ya maji. Mlima una urefu wa zaidi ya meta 4,500, mvua hunyesha kwa wingi upande wa kusini, chemchem zinabubujika na mifereji inapita kati ya migomba na mibuni. Maji ni baridi, yanang'aa, hayana harufu wala ladha mbaya. Lakini Meru ni mlima wa volkano, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ina madini ya floridi. Mvua inapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchem, visima na mito. Kwa kawaida chokaa iliyomo ardhini huyashika madini ya floridi na kuyafanya yatue. Maji ya Meru yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hivyo floridi hubaki ndani ya maji.

Shirika la Afya Duniani limeelekeza tangu mwaka 1984 kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Wataalamu wa jiolojia waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walichapisha mwaka 1984 vipimo vya maji ya kaskazini ya Tanzania. Baadhi ya mito na chemchem zilikuwa na makumi ya miligramu kwa lita, na katika maziwa ya magadi, yakiwemo ya Momela, kiwango kilipindukia 600. Ndio maana katika sehemu za Maji ya Chai na Engare Nanyuki suala hili linajulikana na kila mzazi. (Engare Nanyuki ni pale pale ambapo Wameru waliondolewa katika ardhi yao mwaka 1951, wakapeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi ile ilipiganiwa sana. Maji yake yalikuwa na hesabu nyengine.)

Sasa nije kwenye afya. Madaktari Grech na Latham walichapisha mwaka 1964 taarifa ya maradhi yatokanayo na floridi katika eneo la kaskazini la Tanganyika. Dalili ya kwanza ni meno. Mtoto anayekunywa maji hayo tangu uchanga huota meno ya kudumu yenye madoa meupe, kisha ya kahawia, na katika hali kubwa meno humeguka. Madhara hayo huingia wakati jino linajengeka ndani ya ufizi, yaani kuanzia kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi. Baada ya hapo hakuna dawa ya kulirudisha jino lilivyokuwa. Mtu akiendelea kunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi, floridi hujikusanya mifupani. Viungo hukakamaa, mgongo huinama, na watoto wengine hupinda miguu.

Watafiti wa afya ya kinywa waliendelea na kazi hii katika miaka ya 1990, na wakaona jambo ambalo mhandisi wa maji peke yake asingeliona. Katika baadhi ya vijiji meno ya watoto yalikuwa yameharibika kuliko ilivyotarajiwa kwa kiwango cha maji yao. Sababu moja ilikuwa jikoni: magadi yanayotiwa katika maharage, makande na mboga ili yalainike upesi nayo yana floridi. Naliweka wazi na hili, kwa kuwa wengi hukosea: kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kuwa nzito.

Waheshimiwa, mtu atauliza: ikiwa jambo lilijulikana tangu mwaka 1964, Serikali ilifanya nini? Jawabu lake lina funzo kwetu sisi tunaokaa maofisini. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Waliokiweka hawakuwa wajinga wa maradhi hayo. Walijua kwamba wakifuata kiwango cha kimataifa watalazimika kuvifunga vianzio vingi, na wananchi watarudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na homa ya matumbo. Kati ya maradhi yanayoua kwa siku mbili na yale yanayoharibu kwa miaka kumi, walichagua kuyaepuka yanayoua. Binafsi siwalaumu kwa uamuzi huo. Ninachokiona ni kigumu kukitetea ni kwamba neno "muda" lilidumu kwa miongo. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na hatimaye 1.5. Katika kipindi chote hicho, kisima chenye miligramu 7 kilihesabiwa kwenye taarifa kuwa ni maji salama, na watoto waliokunywa maji yake sasa ni watu wazima wanaoziba mdomo kwa kiganja wanapocheka.

Upande wa teknolojia, kazi haikukosekana. Wizara ya Maji ilikuwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi huko Ngurdoto, na mwezi wa Oktoba 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana hapo katika warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya suala hili. Njia mbili ndizo zilizojaribiwa zaidi. Ya kwanza ilitoka India, nayo ni kutia shabu na chokaa katika ndoo, kukoroga, kuacha machicha yatue na kuyachuja maji ya juu. Ni rahisi kuieleza, lakini inataka vipimo sahihi kila siku, na mama mwenye kazi za shamba na watoto hana nafasi ya kuwa mkemia kila asubuhi.

Ya pili ni mkaa wa mifupa, na ndiyo iliyopata sifa zaidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la takriban nyuzi 400 hadi 500, kisha husagwa na kutiwa ndani ya chujio. Maji yanapopita, madini ya mfupa huikamata floridi. Moto ukiwa mdogo, maji hutoka na harufu. Ukizidi, mkaa hupoteza nguvu. Pia si kila mtu atakubali maji yaliyopita katika mifupa bila ya kujua ni ya mnyama gani. Swali hilo la imani ni halali, na mtafiti anayelipuuza hatapata mteja hata kama chujio lake linafanya kazi.

Hapa ndipo biashara inapoingia, na naomba mnivumilie nikae hapa kidogo. Mkaa wa mifupa huchoka. Baada ya muda, unaotegemea wingi wa floridi na wingi wa maji yanayochotwa, hauwezi tena kukamata kitu. Chujio lililochoka halibadiliki rangi. Maji yanaendelea kutoka yaking'aa vile vile, familia inaendelea kuamini, na floridi inaingia kama zamani. Ili chujio liwe na maana, lazima pawepo mtu wa kupima maji, mtu wa kuuza mkaa mpya karibu na kijiji, na bei ambayo kaya inaweza kuilipa. Mradi wa ufadhili hununua machujio, hupiga picha, huandika ripoti na kuondoka. Nani atauza mkaa mwaka wa tatu? Suali hilo si la kemia. Ni la hesabu, la usafirishaji na la tabia ya mnunuzi, na mara nyingi hakuna aliyepewa fedha za kulitafiti.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, ilizinduliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012 na Rais Jakaya Kikwete. Ni chuo cha shahada za uzamili na uzamivu, na katika mpangilio wake skuli ya maji, nishati na mazingira, skuli ya sayansi ya viumbe, skuli ya kompyuta na skuli ya biashara zipo katika uwanja mmoja. Watafiti wake wa kompyuta wamekusanya picha za majani ya mahindi na migomba ili simu ya mkulima iweze kutambua maradhi ya mimea. Hilo lina mazungumzo yake. Kwa upande wa maji, mhadhiri wa taasisi hiyo, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alitengeneza chujio linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara, ambazo hupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, ikiwemo floridi. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupata tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000.

Magazeti yaliandika juu ya tuzo. Kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni namna alivyolipeleka chujio kwa watu. Kaya nyingi haziwezi kulinunua, kwa hivyo machujio yalikodishwa kwa wenye maduka na vikundi, nao wakauza maji yaliyochujwa kwa lita. Mwenye duka akiuza maji mabaya, hupoteza wateja. Kwa hivyo ana sababu yake mwenyewe ya kulitunza chujio. Mpango huu hauna utukufu wa kisayansi, na pengine usingepata alama katika mtihani wa kemia, lakini unajibu suali la mwaka wa tatu. Upungufu wake pia usifichwe: anayenunua maji ya lita ni yule mwenye senti mfukoni siku hiyo, na kaya masikini kuliko zote hurudi mferejini.

Mji wenyewe wa Arusha umechukua njia nyengine, ya kutafuta vianzio vyenye floridi ndogo na kuchanganya maji. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa shilingi bilioni 520, uliogharamiwa zaidi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza uzalishaji hadi lita milioni 200 kwa siku, kwa kutumia pia visima vilivyochimbwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Njia hii inawafaa waliopo penye mabomba. Kaya zilizotawanyika juu ya mteremko zitaendelea kuhitaji chujio.

Mtaniuliza sisi wa visiwani tunahusikaje. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa na matumbawe, na floridi ya volkano si tatizo letu. La kwetu ni maji ya chumvi yanayopanda visimani tunapochota kupita kiasi, na uchafu unaopenya upesi katika mawe yenye matundu. Hata hivyo, mwendo wa utafiti ni ule ule. Tumeuona katika mwani: Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanyia utafiti tangu miaka ya 1970, kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989, na wanawake wa pwani ya mashariki bado wanalalamikia bei. Mtaalamu wa mimea alifanya sehemu yake. Suala la soko lilibaki bila ya mwenyewe.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenzangu wenye dhamana ya kupitia maombi ya utafiti, na kwa Masheha wanaowapokea watafiti katika shehia zao, ni hii. Mtafiti akija na kifaa, aulizwe kitachoka lini, nani atajua kuwa kimechoka, na kipuri kitanunuliwa wapi na kwa bei gani. Mtafiti wa afya akichukua sampuli za maji au za watoto wa skuli, aulizwe majibu yatarudishwa kwa nani na kwa lugha ipi. Na pale tunapokubali kiwango cha muda kwa sababu ya dharura, kama walivyofanya wenzetu katika miaka ya 1970, tarehe ya kukipitia upya iandikwe katika waraka ule ule, pamoja na cheo cha ofisa atakayewajibika kukipitia.

Nipo tayari kupokea masuali, khususan kutoka kwa wenzetu wa maji na afya.