Neno "Sorry" na Mzigo Wake

Leo tunalo neno moja dogo la Kiingereza, ambalo hata bibi asiyepata kuingia darasani analijua. Neno lenyewe ni "sorry".

Tazameni jinsi linavyofanyishwa kazi. Mtu akijikwaa njiani, sisi tulio kando twasema "sori", wala si sisi tuliolitia lile jiwe pale. Mwingereza aliye mgeni hushangaa, akajibu kwamba si kosa letu. Hajui kwamba tumemwambia "pole" kwa Kiingereza chake! Anayemkanyaga mwenzake ndani ya matatu hulisema lilo hilo. Asiyesikia vizuri katika simu huliuliza ili arudiwe. Mfiwa huambiwa hilo. Karani naye huanza nalo kabla ya kutuambia kwamba fomu zimekwisha, turudi Jumatatu.

Shina lake ni neno la kale la Waingereza lenye maana ya maumivu, tena ni ndugu wa neno lao la kidonda. Hapo kwanza, basi, lilikuwa neno la mwenye kuumia.

Kiswahili kimetugawia kazi hiyo vizuri zaidi. "Pole" ni ya anayeona taabu ya mwenzake. "Samahani" na "niwie radhi" ni za aliyekosa. Ukimwibia jirani kuku kisha ukamwambia "pole", umemdhihaki. Lakini ukimwambia "sorry", atajuaje kama unaungama au unamhurumia tu kwa kupotewa na kuku?

Hata serikali hulipima neno hili kwa mizani. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema Bungeni London kwamba serikali yake yasikitika kwa dhati kwa mateso waliyopata watu wetu wakati wa Mau Mau. Ikakubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Hata hivyo ilikataa kwamba inawajibika kisheria. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipofika Nairobi alitaja huzuni na majuto makubwa, bali hakuomba radhi. Australia nako, mwaka 1999, Bunge lilisikitika kwa yaliyowapata wenyeji wa nchi, ambao watoto wao walinyakuliwa. Lakini waziri mkuu John Howard hakutaka kutamka "sorry". Wale wenyeji walingoja mpaka 13 Februari 2008, ndipo Kevin Rudd alipolitamka, na watu wakalia machozi hadharani. Mtu asituambie, basi, kwamba ni neno tu.

Lakini tusiwatazame wakubwa peke yao. Yuko mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la nduguye usiku. Jumapili wanakutana mlangoni pa kanisa, anamshika mkono, anasema, "Sori, ndugu yangu, tusahau hayo." Na ule mpaka je? Ungali pale ulipowekwa usiku ule! Yule ndugu akinyamaza, washirika husema ana moyo mgumu, hataki kusamehe. Sisi twaona ameonewa mara mbili.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia neno moja kwa majuto ya Yuda na kwa toba pia. Biblia yetu ya Kiswahili huyatenga: katika Mathayo 27 Yuda alijuta. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, hata akazirudisha zile fedha, ila aliwarudishia makuhani, na hao hawakuwa na haja naye.

Zakayo je? Someni Luka 19 polepole. Hatuoni mahali aliposema samahani. Alisimama akataja mali: nusu kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kulipwa mara nne. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mkosaji aungame, arudishe, na kuongeza sehemu ya tano tu. Zakayo alisema mara nne, tena katika mji wake mwenyewe, ambako waliodhulumiwa walimjua kwa jina.