Kabla ya Kumlaumu Beberu



Juma hili naomba tuzungumze juu ya mbuzi. Najua wapo watakaocheka. Lakini nenda Buger, wilayani Karatu, uulize sare na madaftari ya watoto hutoka wapi mahindi yanapokauka shambani. Utaonyeshwa zizi.

Nilipopita huko mwezi wa Oktoba, mama mmoja alinilalamikia kuwa mbuzi wake hupandwa, kisha baada ya majuma matatu humtafuta tena beberu. Alikuwa tayari kumuuza beberu huyo. Mimi nilitazama mbavu za majike, nikamshuku mwingine: njaa.

Wataalamu wa uzazi wa mifugo hulitazama jambo hili katika maabara. Huchukua ovari za mbuzi waliochinjwa machinjioni, hufyonza mayai machanga kwa sindano, na kuyaweka katika maji maalumu yenye joto la nyuzi 38 hadi 39 kwa muda wa siku moja hivi, ili yapevuke. Maji hayo si matupu. Yana sukari, chumvichumvi, amino asidi na homoni. Wengine huongeza vitu vya kulikinga yai lisichakazwe na oksijeni. Na wameona kwamba yai laweza kuonekana limepevuka, likapokea hata mbegu ya dume, lakini kama ndani yake halina akiba, mimba hufa ingali changa. Virutubishi navyo vikizidi kipimo, huliharibu yai lile lile.

Maabara ya namna hiyo hatuhitaji kuijenga Buger. Kila mbuzi jike anayo tumboni mwake, na wa kuijaza ni mfugaji.

Tatizo ni majira. Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Akipandwa Oktoba, huzaa Machi, majani yakiwa tele. Hesabu ni nzuri, ila Oktoba ni mwisho wa kiangazi na mbuzi amebaki mifupa. Tunamdai yai jema wakati hatukumpa cha kulitengenezea.

Dawa tunayo shambani. Mbaazi huvunwa kati ya Agosti na Septemba, na maganda na majani yake wengi wetu huyaacha yapeperuke au huyatia moto. Yahifadhiwe pakavu. Beberu atengwe. Majuma matatu kabla ya kumruhusu, na matatu baadaye, majike yaliyokonda yapewe maganda hayo, pumba ya mahindi kama robo kilo kila mmoja kwa siku, jiwe la chumvi na maji ya kutosha. Pumba ianze kidogo kidogo, maana mbuzi akiifakamia kwa mara moja tumbo huchacha, naye aweza kufa. Jike aliyenona tayari hana haja ya nyongeza hiyo, asimpokonye mwenzake.

Sisemi kila mbuzi atazaa mapacha. Wapo wanaoharibu mimba kwa maradhi, na hao ni wa bwana mifugo. Lakini wengi wetu humkumbuka mbuzi kwa chakula akishazaa, ilhali kazi kubwa ilifanyika miezi mitano nyuma, ndani ya yai dogo lisiloonekana kwa urahisi.

Basi mama yangu wa Buger, kabla hujamuuza beberu, walishe majike.

Hadi juma lijalo, kwaherini.